Mbavu za Nguruwe-Mwitu: Moto Mdogo na Subira

Wazee wetu walisema kwamba mla nguruwe huchagua aliyenona. Maana yake yajulikana: mtu akiisha kuazimia kula kitu ambacho wengine wanakikataa, na achague kilicho bora, asije akabeba lawama bila ya kushiba. Lakini methali hiyo yamfaa mtu aendaye sokoni akiwa na nafasi ya kuchagua. Mwindaji hana nafasi hiyo. Nguruwe wa mwitu hutembea masafa marefu akitafuta mizizi, humkimbia chui, na wakati wa kiangazi hushinda na njaa. Hapati pumba wala makombo ya jikoni kama nguruwe wa zizini. Kwa hiyo nyama yake ni nyekundu, imekaza, na mafuta yake ni haba. Tena mbavu zake ndizo zinazomshinda mpishi kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa nyama iliyo juu ya mfupa ni chache, nayo imeshikwa na utando na nyuzi ngumu.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya namna ya kuzipika mbavu hizo nyumbani, baada ya mawindo. Neno langu ni moja: mbavu konda hutaka maji kidogo, moto mdogo, chungu kilichofunikwa, na muda mrefu. Njia hiyo ndiyo iletayo ladha, na njia hiyo hiyo ndiyo ilindayo afya ya walaji. Moto mkali wa haraka hupoteza vyote viwili.

Najua ya kuwa ndugu zetu Waislamu wamekatazwa nyama hii na dini yao, na wako wengine ambao mila zao haziipendi. Sikuja kuwashawishi. Lakini yako maneno nitakayoyasema juu ya sheria na juu ya magonjwa, nayo yamhusu kila mtu aishiye karibu na mwitu au afugaye wanyama.

SHERIA KWANZA

Kabla ya kusema habari za chungu, yapasa tuseme habari za sheria, maana nyama iliyopatikana kwa njia mbaya haifai hata ikipikwa na fundi. Katika Kenya, uwindaji wa wanyama wa mwitu ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka adhabu nzito kwa mtu anayewaua wanyama hao au kuuza nyama yao. Nguruwe-mwitu akiingia katika shamba lako la mihogo na kulifukua, dawa yake si mkuki wala mtego. Peleka habari kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori, ambao ndio wenye mamlaka juu ya jambo hilo.

Katika Tanzania mambo ni mengine. Huko mtu aweza kupata leseni ya kuwinda kutoka kwa wenye mamlaka ya wanyamapori, naye huambiwa ni mnyama gani, mahali gani na wakati gani. Tena tangu mwaka 2020 ziko kanuni zinazoruhusu nyama ya wanyamapori kuuzwa katika mabucha yenye kibali. Basi mafundisho ya leo ni ya mtu aliye na leseni mkononi, au aliyenunua mbavu zake katika bucha la halali, na stakabadhi anayo.

Huenda msomaji wa Kenya akauliza, "Basi mimi yanihusu nini?" Yanamhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nguruwe wa kienyeji wanaozurura vijijini, kama wale wa upande wa Busia, ni wembamba vile vile, na mbavu zao hupikwa kwa njia hii hii. Ya pili ni kwamba magonjwa mawili nitakayoyataja leo, moja la watu na moja la nguruwe, yaliandikwa habari zake kutoka katika nchi ya Kenya, na dunia nzima ikajifunza kutoka hapo.

WANYAMA WENYEWE

Nguruwe wa mwitu wanaojulikana sana kwetu ni wawili. Wa kwanza ni ngiri, mwenye pembe mbili zilizopinda mdomoni na vinundu usoni. Huyu huonekana mchana akila majani hali amepiga magoti ya mbele, na akikimbia huusimamisha mkia wake kama bendera. Usiku hulala shimoni, na mara nyingi shimo hilo lilichimbwa na muhanga. Wa pili ni nguruwe-mwitu wa vichakani, mwenye manyoya marefu mgongoni. Huyu hutoka usiku, nao wakulima wa mihogo, viazi, karanga na mahindi wanamjua kwa uharibifu wake.

Nyama ya ngiri ni konda mno. Nguruwe-mwitu wa vichakani huweza kuwa na mafuta kidogo majira ya mavuno, akiwa ameshiba mali ya watu. Lakini dume mzee wa aina yoyote huwa na harufu kali, na harufu hiyo hukaa zaidi katika mafuta yake. Kwa hiyo mpishi mwenye busara huyaondoa mafuta hayo machache, kisha hutia mafuta mengine mazuri chunguni.

MNYOO USIOONEKANA

Wanyama hawa wote wawili, juu ya kula majani na mizizi, hula pia mizoga wakiikuta. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Yuko mnyoo mdogo aitwaye trikinela, ambaye huishi katika nyama ya fisi, simba, chui na wanyama wengine walao nyama. Nguruwe wa mwitu akila mzoga wenye minyoo hiyo, minyoo michanga huingia katika misuli yake na kujikunja humo, ikingoja. Huwezi kuiona kwa macho. Nyama yaonekana safi, haina harufu mbaya, wala mnyama mwenyewe hakuwa na dalili ya ugonjwa alipouawa.

Mwaka 1959, katika Kenya, kundi la vijana walikula nyama ya nguruwe-mwitu ambayo haikuiva sawasawa, wakaugua. Madaktari walipochunguza waliukuta mnyoo huu. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1961, nazo zilikuwa habari za kwanza za mlipuko wa ugonjwa huo katika Afrika iliyo kusini ya Sahara. Mmoja wa wataalamu walioandika habari hizo aliitwa Nelson, na baadaye aina ya mnyoo ipatikanayo katika pande zetu ilipewa jina la kumkumbuka yeye.

Ugonjwa wenyewe huja kwa hila. Siku moja au mbili baada ya kula, mtu huumwa na tumbo, huharisha, hutapika. Kisha yaweza kupita majuma mawili au zaidi, ndipo huja homa, uso kuvimba hasa kuzunguka macho, na maumivu makali ya misuli. Kwa kuwa siku zimepita, mgonjwa amekwisha kuisahau nyama ile, naye hudhani ni malaria. Minyoo ikiwa mingi, moyo na mapafu huweza kudhurika, na mtu akafa. Basi mtu aliyekula nyama ya nguruwe wa mwitu, kisha akaona dalili hizo, aende hospitali upesi, na amwambie daktari waziwazi alichokula. Asifiche kwa kuona haya. Daktari hawezi kuutafuta mnyoo ambao hakuambiwa habari zake.

Watu wengi husadiki kwamba chumvi, moshi au jua la kukaushia nyama huua kila kitu. Si kweli kwa mnyoo huyu. Nyama iliyotiwa chumvi, au iliyokaushwa juu ya moshi, yaweza kuwa na minyoo hai. Hata kuigandisha nyama kwa barafu si njia ya kutegemewa kwa nyama za mwitu. Kitu cha kutegemewa ni moto uingiao mpaka ndani, hata joto la katikati ya nyama lifike digrii 71 za Selsiasi. Na moto huo ndio unaoua pia vimelea vya tegu, ambavyo hupatikana katika nguruwe wa kienyeji wanaozurura.

Sasa fikirini desturi ya mawindo. Mnyama ameuawa, vijana wana njaa, moto unawashwa pale pale. Mbavu ni nyembamba, basi zinatupwa juu ya makaa. Baada ya dakika chache nje zimeungua, na karibu na mfupa bado kuna wekundu. Hiyo ndiyo sahani ya hatari kuliko zote, tena hata ladha haina, maana meno huchoka kabla ya tumbo kushiba.

KAZI YA MWINDAJI

Upishi wa nyama hii hauanzi jikoni. Huanzia mwituni, mikononi mwa mwindaji. Akiwa na kidonda au mchubuko mkononi, na avae glavu za mpira, kwa sababu damu ya mnyama wa mwitu huweza kuingiza viini vya maradhi katika mwili wa mtu. Atoe matumbo upesi, akijihadhari asiyapasue, maana uchafu wake ukiigusa nyama huiharibu. Akichuna ngozi, asiache nywele zishikamane na nyama, na kisu kilichokata ngozi kioshwe kabla ya kukata nyama.

Kisha nyama ipoe. Katika nchi zetu za joto, mzoga ukilala juani kwa saa chache huanza kuharibika kutoka ndani, karibu na mifupa. Uning'inizwe kivulini mahali penye upepo, ufunikwe kwa kitambaa safi kisichozuia hewa ili nzi wasitue, na ufikishwe nyumbani mapema. Mwenye friji aweza kuzilaza mbavu humo siku moja au mbili, nazo zitalainika kidogo. Asiye na friji na azipike siku ile ile.

KUZITAYARISHA MBAVU

Akina mama, na akina baba mnaojua kupika, sikilizeni hapa. Nitasema habari ya mbavu za kilo mbili. Kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito huo ni mifupa, zatosha watu wanne au watano pamoja na ugali au wali.

Kwanza, zilaze mbavu, upande wa ndani ukielekea juu. Utauona utando mweupe, mwembamba, unaong'aa. Huo haulainiki hata ukipikwa kutwa nzima, tena huzuia chumvi na viungo visiingie. Ingiza ncha ya kisu butu chini yake, karibu na mfupa, uinue. Kisha ushike kwa kitambaa kikavu, maana huteleza, uvute. Mara nyingi hutoka wote kwa mkupuo mmoja.

Pili, kata mbavu katika vipande vya mifupa miwili au mitatu. Usikate mfupa mmoja mmoja, kwa sababu nyama ni chache, na ikibaki imeunganika hukauka pole pole zaidi.

Tatu, chumvi. Yeyusha vijiko vinne vya mezani vya chumvi katika lita mbili za maji baridi, utumbukize mbavu, uziweke katika friji usiku mzima. Chumvi ikiingia ndani huisaidia nyama konda kushika maji yake wakati wa kupikwa. Asubuhi zitoe, uzisuuze kidogo na kuzikausha. Maji hayo yamwagwe; yasitumiwe tena. Asiye na friji na azipake chumvi kijiko kimoja na nusu, azifunike kwa muda wa saa moja, kisha aanze kupika. Malimau yanafaa, lakini yatiwe chunguni na si kuzilowekea mbavu usiku kucha, kwa maana ukali wake huifanya nyama ya juu kuwa kama unga huku ya ndani ikibaki ngumu.

Baada ya hapo, osha kwa sabuni na maji ya moto ubao, kisu, na mikono yako. Kachumbari isikatwe juu ya ubao uliotoka kukatiwa nyama mbichi.

KUPIKA

Tayarisha vitu hivi: vitunguu maji vinne vikubwa vilivyokatwa vipande vyembamba, nyanya sita zilizoiva, kitunguu saumu kimoja kizima na kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, vyote vimepondwa, kijiko kidogo cha pilipili manga, vijiko vitatu vya mezani vya ukwaju uliolowekwa na kuchujwa, au maji ya malimau mawili, na nusu kikombe cha mafuta ya kupikia. Msione mafuta hayo kuwa mengi. Nguruwe huyu hakuja na yake, basi mpishi hana budi kumkopesha.

Teleka sufuria nzito au chungu, utie mafuta. Yakipata moto, kaanga vipande vya mbavu vichache vichache mpaka vigeuke rangi ya kahawia pande zote. Usivijaze vyote kwa mara moja, maana vitatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Rangi hiyo ndiyo itakayoupa mchuzi ladha. Vitoe, uweke katika bakuli. Lakini kumbuka kwamba bado ni vibichi, mtu asionje.

Katika mafuta yale yale kaanga vitunguu mpaka vilainike, kisha saumu na tangawizi, kisha nyanya. Nyanya zikisha kuvurugika, tia pilipili manga na ukwaju, rudisha mbavu, na umimine maji ya moto mpaka yafike nusu ya kimo cha mbavu. Yasizifunike. Tunataka sehemu iive kwa maji na sehemu kwa mvuke.

Sasa likaja jambo kubwa. Sufuria ikianza kuchemka, punguza moto. Ondoa kuni mbili, uache moja na makaa. Au katika jiko la makaa funika makaa kwa majivu kidogo. Mchuzi utokote kwa utulivu, mapovu yakipanda moja moja, yasiruke. Funika kwa kifuniko kinachobana, na juu yake waweza kupalia makaa machache, kama ufanyavyo kwa wali. Acha hivyo kwa saa mbili na nusu hata tatu. Kila nusu saa tazama kama maji yako, geuza vipande, uongeze maji ya moto yakipungua. Usiongeze maji baridi, kwa sababu huikatiza kazi ya moto.

Mtu atauliza kwa nini muda wote huo, na nyama yenyewe ni nyembamba. Jibu li katika zile nyuzi ngumu zinazoshika nyama na mfupa. Nyuzi hizo zina tabia mbili. Zikipigwa na moto mkali na mkavu, hujikunja na kukaza kama kamba ya ngozi iliyoanikwa juani, na maji yaliyomo katika nyama hukamuliwa nje. Lakini zikikaa muda mrefu katika maji ya moto yasiyochemka kwa nguvu, huyeyuka pole pole na kuwa ute ule ule unaoufanya mchuzi wa makongoro ugande ukipoa. Ute huo ndio utakaokaa mahali pa mafuta ambayo mnyama huyu hana. Haraka haraka haina baraka, na hapa jikoni methali hiyo ni kanuni ya kazi.

Na hapo hapo mwaona jinsi ladha na salama zinavyokwenda pamoja. Nyama iliyotokota saa tatu katika chungu kilichofunikwa imekwisha kuipita mbali digrii 71, mpaka kwenye mfupa. Mwenye kipimajoto cha jikoni na akichome katika nyama iliyo nene, ncha isiguse mfupa, aone mwenyewe. Asiye nacho asitazame rangi peke yake, kwa maana rangi hudanganya. Na ategemee saa.

Wakazi wa nchi za juu waongeze muda. Pale Mbeya, kwa mfano, maji huchemka yakifika digrii 94 hivi, wala si 100 kama pwani, kwa sababu ya kimo cha nchi. Joto hilo latosha sana kuua mnyoo, lakini kulainisha nyuzi huchukua muda zaidi. Dume mzee naye apewe saa nne.

Utajua kwamba mbavu zimekuwa tayari kwa dalili mbili: nyama itakuwa imejivuta nyuma na kuacha ncha za mifupa wazi kiasi cha upana wa kidole, na ukiushika mfupa mmoja na kuuzungusha, utalegea wenyewe. Dakika kumi na tano za mwisho, watu wa pwani na watieni kikombe cha tui zito la nazi. Watu wa bara waweza kutia vijiko vitatu vya karanga zilizosagwa, zimekorogwa kwa mchuzi kidogo. Vyote viwili huleta unono. Onja chumvi wakati huu, si mapema, kwa kuwa mbavu zilikwisha kukolea.

KWA WAPENDAO NYAMA YA KUCHOMA

Najua wako wasioweza kuiita nyama kuwa ni nyama mpaka iguse makaa. Nao wana njia. Pika mbavu chunguni kama nilivyosema mpaka zilainike, bila ya kutia tui wala karanga. Zitoe, ziache zikauke kidogo. Mchuzi uliobaki uuache motoni wazi mpaka uwe mzito. Kisha paka mbavu mchuzi huo pamoja na mafuta, uziweke juu ya makaa yaliyokwisha kutulia, dakika tatu au nne kila upande, ukizipaka tena na tena. Zitapata ukavu wa nje na harufu ya moshi, na ndani zitabaki laini. Utaratibu ni chungu kwanza, makaa baadaye. Mtu akigeuza utaratibu huo, ameirudia ile sahani ya hatari niliyoitaja.

Ziandalieni ugali, ndizi za kupika au wali, pamoja na mchicha au majani ya kunde. Mchuzi usitupwe, maana nguvu nyingi za mnyama huyu zimo humo.

MIFUPA ISITUPWE OVYO

Limebaki neno moja, nalo huja baada ya kula, wakati watu wameshiba na hawataki kusikiliza. Yako maradhi ya nguruwe yaitwayo homa ya nguruwe ya Kiafrika. Mwaka 1921, Montgomery, mtaalamu wa magonjwa ya wanyama, aliyaeleza kwa mara ya kwanza, kutoka Kenya, ambako nguruwe wa kufugwa walikuwa wakifa. Virusi vya homa hiyo hukaa katika ngiri na katika kupe wanaoishi mashimoni mwake. Ngiri mwenyewe haugui. Lakini vikimfikia nguruwe wa zizini, karibu wote hufa, wala hakuna dawa ya kuwatibu. Binadamu hapati homa hii. Lakini mfugaji huweza kupoteza zizi zima kwa juma moja, na karo ya watoto ikaondoka nalo.

Virusi hivyo huishi muda mrefu katika damu, nyama mbichi na mifupa. Kwa njia ya mabaki ya chakula vimevuka hata bahari: vilifika Ureno mwaka 1957, na mwaka 2007 vikafika Georgia, karibu na milima ya Kaukazi, ambako husadikiwa vilishuka na mabaki ya chakula kutoka melini. Mwaka 2018 vikaingia China. Ikiwa mabaki ya meza yaliweza kufanya hayo, je, si zaidi ngozi na mifupa iliyotupwa karibu na zizi la jirani?

Kwa hiyo ngozi, matumbo, damu, vipande vibichi na mifupa yote ichomwe moto, au izikwe katika shimo refu ambalo mbwa na nguruwe hawawezi kulifukua. Nguruwe wasipewe makombo ya nyama hii, hata yaliyopikwa. Mbwa nao wasipewe vipande vibichi, maana wao pia hupata mnyoo. Mwindaji aoshe viatu vyake na kubadili nguo kabla ya kuingia zizini. Na mfugaji akiona nguruwe wake wanakufa ghafula, asiwachinje upesi ili auze nyama. Amwite bwana mifugo.

Mabibi na Mabwana, nguruwe wa mwitu hakunona, nasi hatuwezi kumnonesha akiisha kufa. Tuwezacho ni kumpa muda chunguni. Saa tatu za moto mdogo hulainisha ubavu mgumu, humwua mnyoo usioonekana, na huwaweka watoto mezani bila ya hofu. Na shimo refu la mifupa humlinda jirani afugaye. Mpishi atakayeambiwa na wenye njaa, "Tupe sasa hivi," na awajibu kwa upole kwamba chungu bado. Heri walalamike kwa saa moja kuliko kuugua kwa miezi.